Jinsi ya kufuatilia maisha na kifo cha mhubiri wa kijijini: mwongozo kamili kwa sisi watu wa Tanga

Familia nyingi za Tanga zina babu aliyekuwa mhubiri wa kijijini. Ukiuliza zaidi ya hapo unaambiwa tu "alikuwa mtu wa Mungu yule", na stori inaishia hapo hapo. Alianza wapi kuhubiri, nani alimtuma, alikufa mwaka gani na kwa ugonjwa gani, kalala wapi, kimya. Wakati huo huo mzungu aliyekaa huku miaka miwili akaugua homa akarudi kwao, barua zake zote zimehifadhiwa Uingereza kwenye maboksi yenye namba. Hili linaniuma kweli, kwa sababu aliyekuwa anatembea kwa mguu kijiji hadi kijiji, anafundisha watoto herufi kwa kuchora kwenye mchanga, anazika watu, anasuluhisha ndoa, ni huyu wa kwetu.

Mimi nimemfuatilia wa ukoo wetu upande wa mama. Familia yao ni ya Kimethodisti, ilitokea upande wa Ribe kule Kenya, ikavuka kuja huku wakati watu wanafuata kazi za katani, yeye akahubiri vijiji vya upande wa Horohoro na mwisho akaishia Muheza akisali na Waanglikana maana kanisa lake halikuwa karibu. Nilichokiona ni kwamba mtu kama huyu anapatikana, ila hapatikani kwenye faili lenye jina lake. Anapatikana kwenye karatasi za watu wengine: watoto aliowadhamini ubatizo, ndoa alizoshuhudia, marehemu aliowazika. Kwa hiyo usimtafute yeye peke yake, tafuta watu aliowagusa. Mwongozo wote huu umesimama hapo.

Anza na kifo, usianze na kuzaliwa

Wengi wanaanza na alizaliwa lini na hapo hapo wanakwama, maana mtu wa kijijini aliyezaliwa enzi za Mjerumani hakuandikwa popote siku aliyozaliwa. Kifo ni tofauti, kifo kina mashahidi. Kuna waliochimba kaburi, waliopika, aliyeongoza ibada, aliyetumwa kwenda kuita ndugu wa mbali, na kama ni kifo cha miaka ya karibuni kuna daftari la rambirambi. Hilo daftari ni dhahabu na watu wanalitupa hovyo. Lina majina ya wote waliochanga, nani katoka kijiji gani, na mara nyingi mwanzoni kuna tarehe ya msiba. Kitu cha pili ni ile karatasi ya "historia fupi ya marehemu" iliyosomwa siku ya mazishi. Iulizie kwa mtoto wa kike mkubwa kwanza, wao ndo watunzaji, wengi wanaikunja na kuiweka ndani ya Biblia au kitabu cha nyimbo au chini ya sanduku pamoja na kadi za kliniki. Ukiipata piga picha mbele na nyuma, na hiyo Biblia yenyewe ifungue kurasa za mwanzo na za mwisho maana wazee waliandika humo tarehe za kuzaliwa watoto.

Kama alikufa zamani sana na hakuna karatasi, bado kifo ndo mlango. Uliza nani alirithi shamba, nani alirithi koti au Biblia yake, mjane alirudi kwao au alibaki, matanga yalimalizwa kwa nani. Majibu ya hayo yanakupa majina ya watu, na majina ya watu ndo yanakupeleka kwenye vitabu.

Wazee, na namna ya kukaa nao

Nenda mchana kazi zikiwa zimepoa, piga hodi, shikamoo yako iwe ya heshima kweli, na nenda na kitu mkononi, sukari au sabuni inatosha. Jitambulishe kwa ukoo kabla ya jina, yani wewe ni mjukuu wa nani, mama yako ni yupi. Mzee akishakuweka kwenye ukoo wake anafunguka mwenyewe. Usianze na "mwaka gani". Anza na alikuwa anahubiri vipi, sauti yake ilikuwaje, wimbo gani alikuwa anaupenda, alikuwa anatembea na nani. Wimbo unasaidia sana, kuna bibi alikuwa amesema hakumbuki kitu kabisa, alipoanza kuimba ule wimbo aliokuwa akiupenda babu akajikuta anataja kijiji walichokuwa wanakwenda kusali mvua ikinyesha, na kijiji kile hakuna mtu mwingine aliyekuwa amekitaja.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi na simu. Akikataa, sikiliza, toka nje, andika mara moja kabla hujapanda bodaboda.

Tena usiwaache ndugu Waislamu. Tanga yetu imechanganyika, mhubiri anaweza kuwa na kaka aliyebaki kwenye Uislamu na huyo kaka ndo uzao wake unajua ukoo mpaka babu wa babu, na ndo wanaojua kwa nini yule mwenzao aliondoka nyumbani. Waendee kwa adabu ile ile.

Geuza maneno yao kuwa miaka

Mzee hatakwambia 1905, atakwambia "treni ilikuwa imeshafika Mombo". Basi tengeneza kalenda yako pembeni. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905. Njaa kubwa ya kaskazini mashariki ilikuwa 1898 mpaka 1900 hivi. Vita ya Tanga mjini ni Novemba 1914. Homa kali ya dunia nzima iliua watu wengi 1918 na 1919, na vifo vingi vya "aliugua siku chache akafa" vya wakati huo ujue vinaweza kuwa vya homa hiyo. Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, kuhamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, Vita ya Kagera 1978 na 1979. Ukiambiwa "alikufa kabla hatujahamishwa, baada ya katani kuchukuliwa na serikali" tayari una kipande kifupi cha miaka michache cha kutafuta, na hiyo inatosha kabisa kumwomba mtu akufungulie kitabu.

Jua alikuwa wa kanisa gani, na lilitoka wapi

Hapa watu wanapoteza muda mwingi, wanakwenda ofisi ya kanisa lisilo lake. Muheza na Bondei yote ni eneo la Misheni ya Vyuo Vikuu, hawa Waanglikana wa UMCA, waliofika Magila mwaka 1868. Milimani Usambara ni Walutheri wa Bethel, misheni ya Kijerumani, waliofika Tanga 1890 na Mlalo 1891, leo ni KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, ofisi Lushoto. Kama wenu alikuwa katekista Mkatoliki anza na Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua Bagamoyo 1868. Wamethodisti wao walianzia Ribe nyuma ya Mombasa mwaka 1862 na Thomas Wakefield, na mwenzake Charles New alipita huku kwetu kabisa, alisafiri kutoka Pangani kupitia nchi ya Wadigo mpaka Mombasa, alafu akafia njiani 1875 akitoka Uchagani. Kwa hiyo ukisikia Mmethodisti huku Tanga usishangae ukadhani ni kosa la mzee, njia ya Wamethodisti na njia ya Wadigo ni ile ile moja, mpaka ulikuja baadaye.

Jambo lingine, mhubiri mmoja anaweza kuwa kwenye makanisa mawili maishani mwake. Alihamia sehemu isiyo na kanisa lake, akasali na waliokuwepo, akazikwa nao. Kabatizwa kwa Wamethodisti, kazikwa kwa Waanglikana. Lazima utafute kote kote.

Daftari za kanisa, hapa ndo pa kukaa muda mrefu

Nenda kwa padri au mchungaji na barua ya utambulisho kutoka kanisa lako unaposali, kopi ya kitambulisho, na karatasi moja uliyoandika: jina la babu kwa namna zote, kijiji, miaka ya kukadiria. Usiende Jumapili, ana kazi. Omba vitabu vinne: ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi. Na omba kuvisoma hapo hapo ofisini mbele ya mhudumu, usiombe kuondoka navyo hata kama ni ndugu yako, karatasi zile zimeshakauka, ukiikunja kona inabaki mkononi.

Wengi wanafungua kitabu cha ubatizo, wanatafuta jina la babu kwenye safu ya aliyebatizwa, hawalioni, wanafunga. Sasa wewe soma safu za pembeni. Kuna safu ya wazazi, ya kijiji, ya wadhamini na ya aliyebatiza. Mhubiri wa kijijini yumo kwenye safu ya wadhamini, tena na tena, maana ndo aliyewafundisha wakatekumeni, yani wanaojiandaa kubatizwa, na hakuna mwingine wa kuwasimamia. Utaona jina lile lile, mwandiko ule ule wa wino uliofifia, "mwalimu" limeandikwa mbele, mtoto wa huyu, mtoto wa yule. Chukua daftari lako andika kila linapotokea: tarehe, kijiji, ukurasa. Ukimaliza panga kwa tarehe. Ghafla unaona miaka kadhaa yuko kijiji kimoja, alafu anaanza kutokea kingine, hapo alihamishwa. Alafu anatokea kama shahidi kwenye ndoa za binti zake mwenyewe. Alafu siku moja jina linakoma. Ukiona limekoma nenda kitabu cha mazishi, anzia tarehe ile ya mwisho uende mbele. Tarehe ya mazishi ya wa kwetu ilipatikana hivyo, wakati nyumbani kila mtu alikuwa anataja mwaka wake.

Kitabu cha mazishi kawaida kina jina, umri wa kukadiria, kijiji, tarehe na aliyezika. Sababu ya kifo ni nadra. Kama ni wakati wa hospitali, uliza alilazwa wapi, Teule Muheza au Bombo au Bumbuli kwa watu wa milimani, ila faili za wagonjwa hazihifadhiwi milele kwa hiyo hilo lifanye mapema kama kifo ni cha karibuni.

Kwa Waanglikana wa huku kuna kitu cha ziada. UMCA walikuwa wanawaombea marehemu kwa majina, na mpaka leo tarehe 2 Novemba yanasomwa majina. Uliza kama mtaa wa kanisa una orodha ya zamani ya marehemu. Jina la mwalimu wa kanisa likikosekana kwenye mazishi linaweza kuwepo humo.

Kuhusu majina, andika kila namna. Petro, Pita, Peter. Yohana, John. Kwenye majina ya ukoo ya kwetu, mwanzo wa She na wa Se unabadilishana kila ukurasa kulingana na nani alishika kalamu. Kwenye karatasi za Wajerumani V inakuwa W, Vuga utaikuta Wuga, sh inakuwa sch, na Mlalo wao waliita Hohenfriedeberg, Lushoto ni Wilhelmstal. Na kabla ya ubatizo alikuwa na jina lingine kabisa, mara nyingi limeandikwa pembeni kwa herufi ndogo, hilo usiliruke maana ndo jina ambalo ndugu Waislamu wanamjua.

Ukikuta pengo la 1914 mpaka 1920 usikate tamaa na usikimbilie kusema alihama. Vita ilipoanza Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza wa UMCA, na walimu weusi wengi wa misheni nao wakafungwa wakapelekwa bara kwa kushukiwa wako upande wa Mwingereza. Walioteseka kule ni wengi, kuna waliokufa, waliobaki walifunguliwa Tabora ilipoanguka 1916. Wajerumani nao wakaja kuondolewa baada ya vita, kwa hiyo Usambara waliobaki wanashikilia makanisa ni wainjilisti wenyewe wa pale, na wengi walikuwa na kazi kubwa kuliko kalamu. Kama babu yako jina linapotea 1914 na kurudi 1917, uliza wazee kuhusu kifungo. Hilo ni jambo la kuheshimiwa kwenye maisha yake na linatakiwa liandikwe.

Kama alikuwa Mmethodisti hasa

Utaratibu wao ni tofauti kidogo. Mchungaji mmoja anakuwa na makanisa mengi kwenye sakiti yake, yani eneo analolisimamia, kwa hiyo wanaosimama mimbarini Jumapili nyingi ni wahubiri wa kawaida wasio wachungaji, na wanapangwa kwenye ratiba ya miezi mitatu mitatu: Jumapili hii fulani yuko kanisa hili. Ratiba hizo za zamani zikipatikana zinakuonyesha mtu alikuwa wapi wiki kwa wiki. Uliza pia kumbukumbu za mkutano wa robo mwaka wa sakiti, humo ndo mhubiri mpya anapokelewa, anapewa majaribio, anathibitishwa, na akifa anatajwa. Waumini waligawanywa madarasa yenye kiongozi, na orodha za madarasa zina majina. Kwa waliotokea Kenya, safari ya kwenda Ribe, Mazeras au Jomvu haikwepeki.

Sasa ujue kitu hiki kabla hujaandika barua popote: mchungaji aliyewekewa mikono akifa aliandikiwa tanzia kwenye kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwaka. Mhubiri wa kijijini hakuandikiwa. Ni vile vile kwa UMCA, Yohana Swedi aliyekuwa shemasi 1879 na Cecil Majaliwa aliyekuwa kasisi 1890 wanasomeka mpaka leo, ila mwalimu wa kitongoji aliyefundisha miaka thelathini hayumo. Kwa hiyo usitafute tanzia yake, tafuta barua ya mmisionari wake. Mmisionari akiandika ripoti ya mwaka anataja "mwalimu wetu wa kijiji fulani kafariki". Jina la mmisionari unalitoa wapi? Kwenye safu ya aliyebatiza, si umeshaiandika.

Jina la kanisa lenyewe lilibadilika, na ukitafuta kwenye intaneti kwa jina la wakati usio wake hupati kitu. Mpaka 1907 ni United Methodist Free Churches. Toka 1907 mpaka 1932 ni United Methodist Church ya Uingereza. Toka 1932 ni Methodist Church, na Kenya wakajitegemea 1967. United Methodist ya Marekani ni kanisa lingine lililozaliwa 1968, ukijikuta kwenye kumbukumbu zao umepotea njia.

Serikali na mahakama

Enzi za mkoloni sheria haikumbana Mwafrika wa kijijini kuandikisha vifo, kwa hiyo RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kwa mtu aliyekufa miaka ya 1930 usitegemee. Kwa vifo vya baadaye jaribu, anzia ofisi ya mkuu wa wilaya. Kinachosahaulika ni Mahakama ya Mwanzo. Kama shamba au nyumba iligawiwa kisheria kuna faili la mirathi, na humo kuna muhtasari wa kikao cha ukoo, tarehe ya kifo, majina ya wajane na watoto wote, hata wale ambao familia haiwasemi. Ukikuta jina geni humo nenda nalo taratibu, msiba wa zamani unaweza kuamsha ugomvi mpya wa shamba, na ukienda kuhoji wazee waambie wazi mapema kwamba hutafuti urithi.

Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, wana faili za Mjerumani na za Mwingereza, pamoja na vitabu vya wilaya ambavyo maofisa waliandika habari za machifu, misheni na shule. Nenda na barua na kitambulisho, penseli siyo kalamu, na miaka yako mkononi. Kwa mhubiri mmoja mmoja ni nadra kumkuta, ila kama shule yake ya kijijini ilikuwa na mgogoro wa kiwanja na jumbe, yumo.

Nyaraka za nje

Za Wamethodisti ziko chuo cha SOAS, London. Za UMCA ziko maktaba ya Bodleian, Oxford. Za Bethel ziko Wuppertal, Ujerumani. Za Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue, Ufaransa. Sio lazima usafiri. Tafuta kwanza katalogi kwenye intaneti, alafu andika imeli fupi: jina la kituo, jina la mmisionari, miaka mitano tu, na swali moja. Ukiandika "naomba kila kitu kuhusu babu yangu" utajibiwa kwa heshima na hutapata kitu. Ukiandika "naomba kujua kama ripoti za kituo hiki za miaka hii zinataja kifo cha mwalimu wa kijiji hiki" mtu anaweza kwenda kufungua boksi. Na yapo magazeti ya misheni, UMCA walikuwa na Central Africa la kila mwezi na Magila kwenyewe lilichapwa la Kiswahili, Habari za Mwezi, na haya yanataja walimu wa vijijini kwa majina kuliko ripoti rasmi.

Kaburi

Kama alikufa kabla ya vijiji vya ujamaa, kaburi usilitafute kijijini pa sasa, liko kwenye mahame, ndani ya michungwa au katani ya mtu. Nenda na mzee anayepajua na mwambie mwenye shamba kabla. Msalaba wa mti umeshaliwa na mchwa, tafuta mawe yaliyopangwa, minyaa iliyopandwa kwa mstari, au tuta lililoelekea upande mmoja na mengine.

Kama kuna jiwe au saruji yenye maandishi usikwangue kwa panga wala waya. Mwagia maji, futa kwa kitambaa laini, alafu subiri jua lishuke, washa tochi ya simu uishike pembeni kabisa karibu na jiwe, mwanga ulale juu yake. Herufi ambazo mchana hazikuonekana zinatokea na kivuli chake. Piga picha ukiwa umeihamisha tochi pande zote nne. Nambari 1 na 7 zinafanana sana kwenye saruji ya kuandikwa kwa kijiti, kwa hiyo mwaka uliousoma upeleke ukaulinganishe na kitabu cha mazishi kabla hujamwambia mtu.

Kuandika na kurudisha

Andika kwa tarehe, na kila mstari uweke umetoa wapi: kitabu gani, ukurasa gani, au nani kasema. Maneno mawili yakipingana yaweke yote mawili. Skani picha, weka kwenye grupu la ukoo, na chapisha kopi za karatasi kwa sababu simu zinapotea. Kopi moja irudi kwa padri au mchungaji aliyekufungulia vitabu, nyingine kwa wazee waliokusimulia, msomee yule asiyeona vizuri. Ukitaka aonekane na dunia, kuna kamusi ya wasifu wa Wakristo wa Afrika kwenye intaneti, DACB ya Boston, inapokea habari za watu kama hawa.

Mkishakubaliana kama ukoo kujengea kaburi, kwenye saruji andikeni kile tu mlichokithibitisha. Kama mwaka wa kuzaliwa haujulikani msibuni ili pajae, wekeni mwaka aliobatizwa, vijiji alivyohudumu kwa majina yake, na tarehe ya mazishi kama ilivyo kwenye kitabu, na jina la kabla ya ubatizo liwepo pia ili ndugu wa upande ule nao wakifika walisome.